"Unajua Tu" Si Somo

 Wewe uliye nyumbani ukipangusa meza baada ya chai, hujambo. Nawe uliyekwama kwenye matatu kati ya Athi River na Kitengela, ukitazama nyuma ya lori la saruji, pole sana. Huenda tukamaliza mazungumzo haya kabla hujafika kwenu. Na jamaa zetu wa Isinya, Kajiado mjini, Bissil, mpaka Namanga kule mpakani: Supa!

Leo nimekuja na jambo moja tu. Ni kazi ya kufundisha ufundi: kufundisha umeme, uashi, useremala, ushonaji, uchomeleaji, urembo, mapishi, ukarabati wa magari. Swali langu ni hili: mtu anajitayarisha vipi kuifanya kazi hiyo? Sikuulizi anaipata vipi. Hilo la kuipata tutalifikia. Nauliza anajitayarisha vipi.

Niruhusu nianzie mtaani. Jumamosi iliyopita nilisimama kwenye banda moja la kuchomelea, hapa Kitengela, kando ya barabara ya Namanga. Unayajua mabanda hayo. Mageti yameegemezwa nje, mengine yamepakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, mengine bado yana weusi wa kiwandani. Ndani kulikuwa na fundi wa makamo anaunga kona ya geti, na kijana wa miaka kama kumi na minane amechuchumaa kando yake, kashika ngao ya uso mkononi. Fundi alikuwa anakwenda vizuri, mshono umelala kama sarafu zilizopangwa zikielemeana. Alipomaliza akagonga gaga, lile ganda lililofunika mshono, kwa nyundo, likabanduka lote kwa mara moja. Wanaoijua kazi hiyo wanajua maana yake.

Akampa kijana rodi. Kijana akagusa chuma, rodi ikanata. Akaivuta, ikatoka. Akagusa tena, ikanata tena. Fundi akamwambia, "Si hivyo, kijana. Taratibu." Kijana akaenda taratibu, ikanata taratibu.

Basi mimi, kwa udadisi wangu wa uzeeni, nikamuuliza fundi: "Fundi, hebu niambie, wewe unajuaje kwamba rodi iko umbali unaofaa?"

Alinitazama kama niliyemuuliza anajuaje kupumua. Akacheka. "Mwalimu," akasema, "unajua tu."

Msikilizaji, nishikie maneno hayo mawili. Unajua tu. Nitayarudia leo mpaka uyachoke, kwa sababu kazi yote ya kujitayarisha kufundisha ufundi imo ndani yake.

Fundi yule hakunidanganya, maana kweli anajua. Mkono wake unajua, sikio lake linajua. Lakini mkono uliokwisha kujua una tabia moja mbaya: husahau ulivyojifunza. Husahau siku ile nao ulipokuwa unanatisha rodi. Kwa hiyo mwenye mkono huo akiulizwa na mwanagenzi, hana la kumwambia ila lile: unajua tu.

Sasa tazama yaliyokuwa yamejificha ndani ya "unajua tu" ya fundi yule. Kwanza kuna umbali. Rodi yake ilikuwa ya milimita 2.5, na umbali kati ya ncha na chuma ni kama unene huohuo wa waya wa rodi, si zaidi sana. Kuna mlalo: rodi haisimami wima kama mlingoti, inalazwa kidogo kuelekea unakokwenda, nyuzi kumi na tano hivi. Kuna mwendo. Na zaidi ya yote kuna sauti. Moto ukikaa sawa unasikika kama mayai yanayokaangwa, mchachatiko mmoja usiokatika. Ukiiweka rodi mbali, sauti inageuka kuwa ya kuvuma na cheche zinatapakaa kila upande. Ukiiweka karibu mno, inakohoa, kisha inanata. Fundi yule alikuwa hatazami umbali hata kidogo, alikuwa anausikiliza.

Kijana angeambiwa maneno matatu tu, "Usitazame, sikiliza mayai," nadhani siku ile angekuwa ameunga angalau inchi mbili za chuma. Hakuambiwa. Si kwa sababu fundi ni mchoyo. Ni kwa sababu hakuna aliyewahi kumfundisha kuuchukua ujuzi wake, kuufungua kama mtu anayefungua injini, na kuupanga vipande vipande juu ya meza ili mwingine auone.

Huko ndiko kujitayarisha ninakokusema. Kuijua kazi ni jambo moja, na kujua jinsi unavyoijua ni jambo jingine. Mkufunzi anahitaji yote mawili.

Nisije nikaonekana namcheka fundi wa watu, ngoja nikusimulie yangu. Nilipoanza kufundisha, katika chuo ambacho sitakitaja, nilikuwa nimetoka kiwandani na mikono yangu ilikuwa moto. Siku ya kwanza ya karakana nilimpa mwanagenzi kazi, akakwama. Nikamnyang'anya chombo: "Lete, tazama." Nikafanya. Nikamrudishia. Akakwama tena. "Lete, tazama vizuri." Nikafanya tena. Kufikia saa sita kazi ilikuwa imekwisha, inang'aa, na nikawa najisikia mwalimu kwelikweli. Mkufunzi mmoja mzee, aliyekuwa akinitazama kutoka mlangoni, akanisogelea akaniambia kwa upole: "Kijana wangu, umefanya kazi nzuri sana leo. Sasa niambie, ni nani aliyejifunza?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia kuanzia kesho nikiingia karakana niweke mikono mgongoni, niifunge pale, na nitumie mdomo na macho. Nilifanya hivyo kwa majuma mawili. Sijapata kufanya kazi ngumu kuliko hiyo. Nilikuwa nikiona msumeno unakwenda kombo na mikono inawasha kuushika. Lakini nilipokosa mikono ilinibidi nitafute maneno, na nilipoyatafuta ndipo nikagundua kwamba sehemu kubwa ya niliyoyajua sikuwahi kuyasema, hata kwangu mwenyewe.

Hiyo ndiyo njia ya fundi anayekwenda kuwa mkufunzi. Sasa tugeukie upande wa pili, maana kuna mtu mwingine ananisikiliza na anasema: mimi si fundi wa mtaa, mimi nina diploma, nina digrii, nilipita vizuri. Hongera. Wewe shida yako ni kinyume chake. Wewe una maneno, una michoro, una fomula, lakini mikono je?

Wanagenzi ni watu wakali sana, msikilizaji. Hawakusomi vyeti, wanakusoma mikono. Unaingia karakana, unachukua nyundo ukaishika karibu na kichwa chake kama mtu anayeogopa itaponyoka. Umekwisha! Hujasema neno, na kule nyuma wawili wameshatazamana. Tangu siku hiyo utawafundisha nadharia, nao watakusikiliza kwa adabu, lakini kazi yenyewe watakwenda kuiuliza kwa fundi wa nje ya geti.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako, mwenye diploma, ni mfupi: kabla hujaomba kazi ya kufundisha, nenda kafanye kazi. Hapa Kitengela huna udhuru. Ukivuka tu kuelekea Athi River una viwanda vya saruji na lile eneo la EPZ, na viwanda vya EPZ vinashona nguo za kuuzwa nje. Ukielekea kusini kuna mashamba ya maua yenye mabomba, pampu na vyumba vya baridi. Isinya kuna kituo kikubwa cha umeme wa kilovolti 400, ambako ndiko laini ya kuunganisha Kenya na Tanzania inakoanzia. Ukizungukia upande wa Kiserian, kuna mitambo ya upepo ya Kipeto, sitini kwa idadi, megawati 100, inazalisha umeme tangu 2021. Na Magadi, magadi yamekuwa yakichimbwa kwa zaidi ya miaka mia. Kaunti yetu ya Kajiado na majirani zake ni karakana. Mtu aliyezaliwa Kajiado akaniambia hakupata mahali pa kuchafua mikono, nitamuuliza alikuwa akipita barabara gani.

Lakini jiulize pia: ile mitambo sitini ya upepo, nani atakayemfundisha kijana wa Kajiado kuipanda na kuitengeneza? Mkufunzi huyo akitoka kwetu, tutakuwa tumefanya kazi. Akitoka mbali kila mwaka kwa ndege, basi sisi tumekodisha upepo wetu tu.

Nimesema nina jambo moja, na sijaliacha. Lakini ngoja kidogo nikurudishe nyuma, maana sisi Wakenya tuliwahi kulipuuza jambo hili na tukaumia.

Mnaukumbuka mwaka 1985, mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza? Wazo lake lilikuwa zuri. Mtoto asimalize shule akijua kuandika insha peke yake. Ajue pia kushona, kupika, kulima, kuranda ubao. Wazazi wa rika langu wanakumbuka tulivyochangishwa pesa za karakana, na watoto walivyotumwa shuleni na mbao, uzi na mayai. Sasa niambie, karakana ile ilipokwisha kujengwa, pale ilipojengwa, nani alisimama ndani yake? Mwalimu yuleyule wa historia. Mwalimu hodari, lakini hajapata kushika randa maishani mwake. Akapewa kitabu, akaambiwa fundisha. Akafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya: akachora randa ubaoni, akaandika majina ya sehemu zake, watoto wakayakariri, wakafanyia mtihani wa karatasi. Watoto wengi walijua randa ina sehemu ngapi na hawakujua inavyolia ikikata vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo mengi kati ya hayo yakapunguzwa. Watu husema karakana nyingi hazikuwapo, na ni kweli. Mimi nasema hata zingekuwapo, mwalimu hakutayarishwa. Hilo ndilo lililouangusha mpango ule, kwa maoni yangu.

Na kwa nini nawakumbusha? Kwa sababu tumerudi palepale mlangoni. Watoto wa mtaala wa umilisi, wale walioingia Gredi ya 7 mwaka 2023, ndio kundi la kwanza la sekondari ya juu kuanzia 2026, na humo mna mkondo wenye masomo ya kiufundi: ujenzi, umeme, ufuaji vyuma, useremala. Nani atasimama ndani ya karakana safari hii? Swali hilo ni langu, ni lako, na ni la yeyote anayefikiria kazi hii.

Haya, sasa tuje kwenye njia yenyewe, maana najua kuna mtu ameshika kalamu.

Mahali panapojulikana zaidi kwa kutayarisha wakufunzi wa ufundi nchini ni pale Gigiri, Nairobi. Chuo kile kilianzishwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada, wengi wetu tunakijua kwa jina la KTTC. Siku hizi kinaitwa Kenya School of TVET, yaani ya elimu na mafunzo ya ufundi. Unakwenda pale ukiwa tayari una ufundi wako, nao wanakuongezea ualimu: namna ya kupanga somo, kuandaa kazi ya mikono, kumpima mwanagenzi. Ukitaka njia ya digrii, kule Eldoret ualimu wa teknolojia umekuwa ukifundishwa chuo kikuu kwa miaka mingi. Na majirani zetu Watanzania wana chuo cha ualimu wa ufundi stadi Morogoro, chini ya VETA. Hatuko peke yetu katika shida hii.

Ukishahitimu, kuna leseni. Sheria ya mwaka 2013 ya mafunzo ya kiufundi ndiyo iliyounda mamlaka tunayoiita TVETA, na mkufunzi anatakiwa asajiliwe nayo. Usiache hilo mpaka siku tangazo la kazi litoke. Foleni ya dakika ya mwisho unaijua. Na kuhusu mwajiri, elewa tofauti. Wakufunzi wa taasisi za serikali kuu, kama Masai Technical Training Institute pale Kajiado mjini, zamani walikuwa chini ya tume ya walimu, TSC, lakini tangu 2018 wamekuwa upande wa Tume ya Utumishi wa Umma, PSC. Vile vituo vidogo vya wadi, ambavyo wazee bado wanaviita "village polytechnic", Katiba ya 2010 iliviweka mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo ukitafuta kazi huko, mlango wako ni wa kaunti. Mtu asibishe hodi mlango usio wake kisha akasema amenyimwa.

Tena vituo hivyo vya vijijini vina historia tamu. Havikuzaliwa ofisini. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo, lile la NCCK, lilitoa ripoti iliyouliza swali lililokuwa likiwasumbua wazazi: mtoto akimaliza shule ya msingi, halafu nini? Jibu lao likawa vyuo vidogo karibu na nyumbani, vyenye mafundi wa palepale. Ndiyo kusema, tangu mwanzo, fundi wa kijiji ndiye aliyekuwa mwalimu.

Na hapo namrudia fundi wetu wa geti. Namsikia akisema: "Mwalimu, haya yote ni ya wenye vyeti. Mimi niliishia darasa la nane. Nina miaka ishirini na rodi mkononi. Nitaingilia wapi?"

Fundi, utaingilia kwenye jaribio la ufundi, ile "trade test" unayoisikia. Inaendeshwa na mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, na ina gredi tatu: unaanza ya tatu, unapanda ya pili, unafika ya kwanza. Na huhitaji kwenda mbali. NITA wana kituo chao Athi River, nauli yake unaijua. Pia siku hizi kuna mpango wa kutambua ujuzi ambao mtu aliupata kazini bila kukaa darasani. Unaonyesha kazi zako, unatahiniwa kwa vitendo, ujuzi wako unapewa cheti. Cheti hicho peke yake hakikufanyi mkufunzi. Lakini kinakutoa kwenye kundi la watu wanaosema "naijua hii kazi" na kukuweka kwenye kundi la watu wanaoweza kuonyesha. Baada ya hapo unaweza kupanda, ngazi kwa ngazi.

Wajerumani, ambao dunia nzima huwasifu kwa mafundi, wana jambo moja ningependa tuliibe. Kwao fundi akitaka kufikia daraja la juu, lile wanaloliita Meister, anafanya mtihani wenye sehemu nne. Sehemu moja ni kazi ya mikono. Nyingine ni nadharia ya kazi hiyo. Nyingine ni biashara na sheria. Na ya nne? Ya nne ni namna ya kumfundisha mwanagenzi. Yaani mwenye karakana yake hahesabiwi kuwa amefika mpaka aonyeshe anaweza kumpa mwingine alicho nacho. Kwao "unajua tu" haipiti mtihani.

Kuna jambo lingine la kujitayarisha ambalo vitabu havilisemi sana, nalo ni lugha. Ingia karakana yoyote Kitengela usikilize. Mwanagenzi mmoja ametoka Kajiado Central, nyumbani wanasema Kimaa. Mwingine ni wa Machakos. Mwingine baba alihamia akatafuta ploti, wametoka Murang'a. Mmoja Mjaluo amekuja na mjomba wake anayefanya kazi kiwandani. Mtihani wao ni wa Kiingereza. Wanachosema wao kwa wao ni Kiswahili na Sheng. Sasa mkufunzi anasimama katikati. Akishikilia Kiingereza cha kitabu peke yake, nusu yao wataitikia "ndiyo mwalimu" na hawajaelewa. Akishikilia maneno ya mtaani peke yake, watajua kazi na wataanguka kwenye karatasi.

Mimi ninachokifanya, na ninakupa bure: kila chombo nakipa majina yote. Hii ni jiriwa, mtaani wanaiita "vaisi", kwenye karatasi yako ya mtihani itaandikwa "vice". Ishike. Sema majina yote matatu huku umeishika. Hivyohivyo kwa bisibisi, kwa tindo, kwa pimamaji. Ni dakika mbili tu. Na kuna watoto wa watu waliokuwa wakionekana wazito wa akili kumbe walikuwa wageni wa lugha tu.

Lingine la hapa kwetu ni mifugo. Usicheke. Miaka ile ya ukame, mpaka 2022, ng'ombe walikufa Kajiado mpaka harufu ikafika barabarani. Ng'ombe ndiye karo. Mwanagenzi asipoonekana majuma mawili, mkufunzi asiyeijua kaunti hii anaandika "mtoro". Anayeijua anauliza mifugo iko wapi. Wakati mwingine kijana amepeleka ng'ombe mpaka upande wa Tanzania kutafuta majani. Anarudi amekonda, na ameachwa nyuma masomo mazima. Mtindo wa sasa wa kufundisha kwa umilisi una faida hapo, maana mtu anapimwa kwa kila kipande cha kazi anachokimudu, na kazi zake zinawekwa kwenye jalada. Kijana anaweza kurudi akaendelea alipoachia. Lakini hilo linategemea mkufunzi aliyeweka jalada vizuri. Makaratasi yanachosha, nakubali. Yafanye.

Na mabinti. Nitasema kwa ufupi kwa kuwa halina ubishi. Binti akija kusomea umeme au umekanika, kabla hujapanga somo lake, hakikisha kuna mahali pa kubadilishia nguo penye mlango unaofungika. Nimeona mabinti wakiacha kozi kwa ajili ya mlango.

Msikilizaji mmoja aliwahi kuniuliza: je, kazi hii inalipa? Nitakujibu bila kuficha. Fundi mzuri wa kujitegemea Kitengela, mji huu unavyojengwa kila kukicha, miezi mingine atampita mkufunzi kwa mbali. Mshahara wa kituo cha kaunti hautakununulia ploti mwaka wa kwanza, na kandarasi za muda mfupi zimewavunja moyo wengi. Kaunti na serikali kuu zinapaswa kusikia hili: huwezi kumtaka mtu mwenye mikono ya kiwandani na ualimu wa Gigiri kisha umpe kandarasi ya miezi michache na umcheleweshee malipo. Atarudi kwenye banda lake, naye hatakuwa amekosea. Ninachoweza kumwambia anayeingia ni asiache kabisa kazi ya mikono. Likizo ikifika, rudi kiwandani au bandani. Utapata shilingi, na utarudi darasani Januari ukijua mashine mpya zinavyofanya kazi. Mkufunzi aliyekaa miaka kumi bila kutoka anafundisha kazi ya miaka kumi iliyopita.

Saa yangu inaniambia tumebakiwa na dakika chache. Kwa hiyo nisikuache bila kazi ya kufanya.

Wewe uliye na diploma: juma hili tafuta banda moja, la mtu mwenye sifa nzuri, umwombe akupokee kwa miezi mitatu. Usiende na tai.

Nawe fundi, wewe wa banda, wewe wa cherehani, wewe wa saluni, wewe wa jiko la hoteli. Chagua kazi moja tu unayoifanya kila siku mpaka huifikirii tena. Kufunga soketi. Kutia zipu. Kukanda unga wa chapati. Chukua karatasi uandike kila hatua, na kila ishara inayokuambia umekwenda sawa: sauti gani, rangi gani, uzito gani mkononi. Kisha mwite mtu asiyejua, mwanao au jirani, umsomee naye afanye mbele yako. Pale atakapokwama, usimnyang'anye. Rudi kwenye karatasi, utafute ulichosahau kuandika.

Na mikono yako, fundi, iweke mgongoni.

Tukutane juma lijalo, saa kama hii. Kwaherini.